Siku Sita Juu ya Ngozi

Kovu liko nyuma ya sikio langu la kulia, pale nywele zinapoanzia. Ni dogo, ncha ya kidole inalifunika lote. Mtu akiniuliza niliugua nini huwa namwonyesha hilo kovu, maana kueleza kwa mdomo kunanichukua muda mrefu na watu wengi hawana subira. Hapa nina muda. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye homa isiyojulikana inatoka wapi, ambaye yeye mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwake, anajua kitu na hajakisema.

Majina nimeyabadilisha. Kijiji chetu sitakitaja. Kiko ukingoni, mahali uwanda wa Ufipa unapokatika, na ukichungulia asubuhi unaliona bonde la Rukwa huko chini limefunikwa na ukungu mpaka unadhani hakuna kitu.

Sisi ni Wasukuma. Baba alihamia huku na ng'ombe kabla sijazaliwa, akafariki nikiwa darasa la nne. Aliyeshika nyumba ni kaka yangu Masanja. Mimi nilimaliza darasa la saba nikarudi kwenye ng'ombe. Kwetu najulikana kama mtu asiyeongea. Wageni wakija nakaa upande wa zizi mpaka waondoke, na mama alishazoea kunijibia salamu.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu. Majani ya juu yaliisha, tukashusha ng'ombe bondeni, na huko simba akatukuta. Alichukua ndama wawili, kisha ng'ombe wa maziwa ambaye mama alimpenda kuliko wote. Vijana wa kaya tatu walimfuata kwa mikuki na mbwa, na mkuki wa kwanza kumpata ulikuwa wa Masanja.

Sikuwepo alipouawa. Nilifika akiwa amelala ubavu kwenye majani makavu, na nilichokiona kwanza hayakuwa meno wala kucha. Niliona amekonda. Mbavu zilihesabika. Ndani ya masikio yake kupe walikuwa wamejipanga kama punje kwenye gunzi, wakubwa kwa wadogo, na baadhi walikuwa wameanza kutembea, wanatoka. Nilimwonea huruma. Sikumwambia mtu, maana wenzangu walikuwa wanaimba.

Kwa wasiojua, kwetu aliyeua simba ana heshima yake. Kwanza mganga mwenye dawa ya simba anamwosha na kumpaka, ili simba asimwingie kichwani. Halafu anavaa ngozi na kucheza kaya kwa kaya, na kila kaya inamshukuru, hii kwa kuku, ile kwa ndama. Jina lake linabaki hata akifa. Baba alilitamani jambo hilo maisha yake yote na hakulipata. Lakini siku hizi kuua simba ni kosa, na askari wa wanyamapori hupita kwa pikipiki wakiuliza. Ukikutwa na ngozi unakwenda gerezani, na si kwa miezi. Mganga naye alikuwa amesafiri, akatuma neno kwamba asubiriwe. Basi ngozi ilitafutiwa mahali pa kukaa.

"Iende kwa Mabula," Masanja alisema. Mabula ndiye mimi.

"Kwa nini kwake?" mama aliuliza.

"Nani atamhoji Mabula? Hata jina lake ukimuuliza anaangalia miguu."

Walicheka wote, na mimi nikacheka. Nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza kwangu kuonekana kuna faida.

Ngozi ilipakwa chumvi na majivu, ikaanikwa kidogo vichakani, kisha tukaipandisha huku juu ndani ya gunia, chini ya mzigo wa kuni. Masanja akaitandaza kwenye kamba za kitanda changu, manyoya yakiangalia juu, masikio yakiwa upande wa kichwa changu, akaweka godoro la majani.

"Hata wakikupiga," aliniambia.

"Sisemi."

Nililala juu yake siku sita. Harufu yake ilikuwa ya chumvi na vumbi, na kitu kingine kitamu kidogo, kama nyasi zilizoungua siku nyingi zilizopita. Siku ya tatu nilichuna kupe nyuma ya sikio. Siku ya nne nikachuna mwingine kwenye kinena. Mchunga ng'ombe hashangai kupe. Niliwaponda kwa kucha nikaenda malishoni. Siku ya sita jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa natetemeka. Baada ya hapo mambo yamechanganyika, ndiyo maana nahesabu sita.

Mama alinihamishia nyumbani kwake. Dawa ya kwanza ilikuwa vidonge vya malaria vya dukani. Homa ilikuwa inatulia asubuhi, inanipa matumaini, halafu mchana inapanda tena. Kichwa kiliuma nyuma ya macho, hata mlango ukifunguliwa mwanga ulikuwa unanipiga. Vidonge vikaisha. Dawa ya pili ilikuwa sindano za zahanati, nilizochomwa siku tano. Pale zahanati mhudumu aliuliza vizuri tu: nimekula nini, nimesafiri wapi, nimeshika mnyama gani. Nilimwangalia Masanja.

"Huyu haendi popote," Masanja alijibu. "Ni ng'ombe na nyumbani."

Mhudumu akaandika hivyo kwenye daftari langu la matibabu. Simlaumu. Aliandika alichoambiwa.

Siku ya sindano ya mwisho mvua ya kwanza ilinyesha. Nakumbuka harufu ya udongo ikiingia kwa mlango, na simba akaingia nayo. Alikuja taratibu, akalala chini pembeni ya kitanda, akaweka kichwa juu ya miguu yake ya mbele. Sikuogopa. Alikuwa anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma kama mbwa. Nilitaka kumsaidia, na mkono haukuinuka.

Nilikuwa nasema kwa sauti, kumbe. Jirani mmoja akasema simba amekosea mtu, amemwacha aliyemuua amemwingia mdogo wake. Masanja aliposikia hivyo alitoka nje akasimama mvuani. Alitaka tumsubiri mganga. Mama alikuwa amekaa karibu na kichwa changu, anakunja kitenge kimoja hichohicho, anakikunjua, anakikunja.

"Nimesubiri ya kutosha," alisema. "Kesho nampeleka mjini."

"Watauliza maswali, mama."

"Waulize. Mimi sijui kusoma, nitajua kujibu?"

Tulikwenda Sumbawanga kwa pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, mama nyuma amenifunga kwake kwa kitenge kile kile, kama nilivyokuwa mtoto. Barabara ilikuwa tope. Nyasi za uwanda zilikuwa zimeanza kuota, na upepo ulipopita juu yake niliona mgongo wa mnyama mkubwa anayepumua, na sisi tunapita juu yake polepole ili tusimwamshe.

Hospitalini mapokezi kulikuwa na foleni. Kuna benchi refu pale, la mbao zilizosuguliwa na watu mpaka zimelainika. Mama alikwenda kuchukua namba, na mimi nikaanza kuanguka upande. Mwanamke nisiyemjua alinipokea kwa bega lake.

"Lala, baba," aliniambia. "Namba yako ikiitwa nitakuamsha."

Halafu akaendelea kuongea Kifipa na mwenzake, juu ya kichwa changu, kuhusu nini sijui. Sielewi Kifipa. Yale maneno nisiyoyaelewa yalikuwa yananipitia kama maji ya uvuguvugu, na huo ndio usingizi mzuri pekee niliopata mwezi ule. Sijawahi kumwona tena yule mama. Kama anasoma hapa, nashukuru.

Nililazwa. Mama alipata pa kufikia mtaa wa Izia, kwa binamu yake mwenye nyumba karibu na mashamba ya mahindi, akawa anakuja asubuhi na jioni na uji kwenye chupa ya chai. Kitanda cha pembeni yangu alikuwa Mzee Anselimu, mkulima wa ulezi kutoka Mwimbi, aliyevunjika mguu kwa kuanguka na baiskeli. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo," kwa sauti ndogo sana.

"Marahaba. Wewe ni Msukuma?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi ng'ombe wenu ndio walioichimba ile njia mpaka ikawa mtaro. Nimeanguka kwenye kwato za ng'ombe wako. Utanilipa mguu."

Nilidhani amekasirika. Mkewe akacheka, akanimenyea kipande cha muwa.

Mwili wangu ulibadilika pale wodini. Vipele vyekundu vilitoka tumboni, vikashuka mikononi, vikaingia mpaka viganjani na kwenye nyayo. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto zikaanza kuwa nyeusi. Macho yalikuwa mekundu. Sikio la kulia likaanza kuimba, sauti moja nyembamba isiyokata. Nilipotazama mikono yangu niliona ni ya mtu mwingine aliyeniazima.

Daktari alikuwa dada mfupi mwenye miwani, asiyeharakisha. Siku ya pili alipitisha vidole kwenye nywele zangu, kama mtu anayetafuta chawa, akasimama nyuma ya sikio. Palikuwa na kigaga cheusi, na chini ya shingo pamevimba.

"Hapa uliungua?"

Nikakataa kwa kichwa.

"Kupe?"

Nikanyamaza. Daktari alivuta kiti akakaa.

"Mabula, nadhani hii ni homa inayoletwa na kupe. Dawa unaanza leo, usiogope. Ila nataka kujua kupe uliwapata wapi. Si kwa ajili yako, wewe nimeshakuona. Ni kwa ajili ya watu wengine wanaolala hapo. Ni mbwa? Ni mnyama wa porini?"

Mama alikuwa amesimama upande wa miguu yangu. Hakutikisika. Niliangalia shuka.

"Ukiwa tayari," daktari alisema, akaondoka.

Hiyo ndiyo dawa ya tatu, vidonge vilivyoingia mwilini mwangu kama kivuli kinavyoingia uwanjani. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili nilitoka jasho mpaka godoro likalowa. Simba bado alikuwa anakuja mchana, akilala kati ya kitanda changu na cha Mzee Anselimu, na manesi wanampita bila kumkanyaga. Sasa alikuwa ananitazama. Nilijua anataka nimtaje. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu na kufichwa.

"Umeongea tena," Mzee Anselimu aliniambia nilipofungua macho.

"Nimesema nini?"

"Sijui. Mimi sikio langu la upande wako ni bovu." Alijigeuza kidogo kwa shida ya mguu. "Lakini kama lingekuwa zima, lingesikia habari za mnyama fulani kila siku saa nane. Bahati yako, ni bovu."

Asubuhi ya siku ya tatu ya vidonge vile, homa ilishuka. Niliona dirisha ni dirisha tu. Mama alifika na uji, akafurahi kuniona nimekaa, akaanza kunipa habari za nyumbani, kama mtu anayefungua mzigo wa nguo. Mahindi yameota. Mbwa amezaa. Kisha akainama akapunguza sauti.

"Ule mzigo wako Masanja ameuhamishia kwake, kwenye kitanda cha Nyanzala. Anasema kitanda cha mtoto hakuna atakayekifunua."

Nyanzala ni binti wa Masanja. Wakati ule alikuwa na miaka minne.

"Anaupenda, mtoto yule," mama aliendelea. "Anaingiza mkono chini ya godoro anayashika manyoya mpaka analala. Ila juzi amepata mafua, na hizi mvua. Mwili una moto. Masanja kamnunulia vidonge vya malaria."

Niliweka kikombe chini.

"Mama, ni ngozi."

"Nyamaza, watu wanasikia."

"Ni kupe wa ile ngozi. Mlete Nyanzala hapa."

"Kupe?" Mama alinitazama kwa huruma, kama bado nina homa. "Mwanangu, kupe tumezaliwa nao. Na Masanja amekataa. Amesema wewe umetosha, hamleti mtoto wake hapa waanze kumhoji. Anamsubiri mganga, amebakiza siku chache."

Sikuwa na nguvu ya kubishana, na hata ningekuwa nayo, kubishana sikujui. Nililala nikaangalia dari. Nilimwona Masanja akiwa amefungwa pingu, anashushwa kwenye gari mbele ya watu, yeye aliyenibeba mgongoni kuvuka maji nikienda shule. Nilimwona Nyanzala mkono wake ukiwa ndani ya manyoya, na wale kupe wanatoka masikioni mmoja mmoja kufuata joto lake. Ningependa kuandika kwamba niliamua haraka. Uji ulipoa kabisa, ukafanya utando juu.

Daftari langu la matibabu lilikuwa juu ya kabati dogo, na kalamu ya nesi ilikuwa imesahauliwa pale. Nilifungua ukurasa wa nyuma. Vidole viwili vyeusi vilikuwa havinyooki vizuri, lakini vilikuwa vya mkono wa kushoto. Niliandika:

Nililala juu ya ngozi ya simba siku sita. Ilikuwa na kupe masikioni. Sasa iko kwenye kitanda cha mtoto wa kaka yangu ana miaka minne ana homa. Naomba kaka yangu asifungwe.

"Unaandika nini?" mama aliuliza.

"Naandika ninavyojisikia."

Daktari alipopita nilimpa daftari nikiwa nimeweka kidole kwenye ukurasa. Alisoma amesimama. Akasoma tena. Uso wake haukubadilika, ila alivua miwani akaifuta kwa koti, ikiwa haina kitu.

"Mama," alisema, "mjukuu wako aletwe leo. Si kesho. Baba yake ana simu?"

Mama alinitazama, akatazama daftari, na nikaona ameelewa pasipo kusoma. Alikaa chini sakafuni. Daktari alimpigia Masanja pale pale mbele yetu. Nilisikia sauti ya kaka ikitoka kwenye simu kama nyuki ndani ya kopo.

"Kaka, mimi ndiye ninayemtibu Mabula," daktari alisema. "Mlete binti yako sasa hivi. Hapana. Hapana, sitakuuliza. Sina swali lolote, jibu ninalo tayari. Wewe mlete tu, na nguo alizolalia usije nazo."

Alipokata simu aliuchana ule ukurasa taratibu, akaukunja mara nne, akanirudishia.

"Mimi natibu watu," alisema. "Huu ni wa kwako."

Walifika alasiri, wamelowa. Nyanzala alikuwa ndani ya koti la Masanja, kichwa tu kinaonekana, mdomo umekauka. Daktari alimgeuza akakuta kupe bado yupo, amejishika kwenye utosi chini ya kibutu cha nywele, mdogo tu, wa kahawia. Alimtoa kwa kibano akamwonyesha Masanja. Masanja alimtazama yule mdudu muda mrefu. Mtu aliyesimama mbele ya simba kwa mkuki alikuwa anamwogopa kupe.

Mtoto alipopelekwa wodi ya watoto na mama akamfuata, Masanja alikuja kusimama kitandani kwangu. Maji yalikuwa yanamchuruzika sakafuni.

"Umeandika," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Nilikuchagua wewe kwa sababu husemi. Siri hii ningempa mbwa, angebweka mara moja akanyamaza. Wewe umewaandikia kwa kalamu."

Niliangalia vidole vyangu vyeusi.

"Baba angekuona."

Hilo lilinichoma. Mzee Anselimu akakohoa.

"Kijana," alimwambia Masanja, "nisaidie kuuinua huu mguu, mto umetoka."

Masanja alimtazama kama hakuelewa lugha, kisha akainama akamwinulia mguu na kuuweka sawa juu ya mto, kwa uangalifu, anavyomwinua ndama.

"Ahsante," mzee alisema. "Sasa kaa. Ukisimama hivyo unatia watu homa."

Masanja hakukaa. Alikwenda wodi ya watoto, na hakurudi kwangu.

Homa ya Nyanzala ilianza kushuka siku ya pili ya dawa. Alikuwa amewahi. Vipele vyake havikufika hata viganjani. Siku ya nne alikuja wodini kwangu ameshikwa mkono na mama, akanipa nusu ya andazi lake, nusu aliyokwisha kuilamba.

Masanja aliporudi nyumbani aliitoa ngozi kwenye kitanda cha mtoto, na kitanda chenyewe, na cha kwangu pamoja na godoro, akavirundika ukingoni mwa bonde na kuvichoma. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema manyoya yaliwaka haraka, na kichwa kilichelewa, na Masanja alisimama pale na fimbo mpaka pakabaki majivu. Mganga alifika wiki iliyofuata na dawa zake mfukoni. Aliambiwa hakuna ngozi. Alimwosha Masanja hivyo hivyo, kwa ajili ya kichwa chake, lakini alisema kucheza haiwezekani. Kaya kwa kaya hakwenda. Wale vijana wengine waliokuwa naye siku ile wakawa wanampita njiani bila kusimama. Waliona amewanyima na wao.

Mimi nilitoka hospitalini mahindi yakiwa yanafika magotini. Nilitembea na fimbo. Ngozi ya viganja na nyayo ilianza kubanduka vipande, nikawa nikijitazama namkumbuka aliyechunwa. Nywele zilitoka nikichana. Kucha za vile vidole viwili zilianguka, zikaota mpya zilizopinda. Sikio la kulia liliacha kuimba, lakini lilipoacha likawa halisikii vizuri, na mpaka leo mtu akinijia upande huo sijui. Kwa wewe unayepitia haya: nguvu zinarudi, ila zinarudi kwa miguu. Mahindi yalipotoa mbelewele niliweza kufika kisimani. Yalipokauka niliweza kurudi na ndoo nusu. Usijipime na jana, jipime na mwezi uliopita.

Mvua zote hizo Masanja hakuongea na mimi. Tukikaa uwanjani alikuwa anapitishia maneno kwa Nyanzala.

"Mwambie baba yako mdogo, ng'ombe wametoka."

"Baba mdogo, ng'ombe wametoka," Nyanzala alikuwa ananipigia kelele kwenye sikio bovu, wakati baba yake yuko hatua mbili kutoka kwangu.

"Mwambie baba nimesikia."

"Amesikia."

Mwanzoni iliniumiza. Baadaye nikaona kwamba kila siku alikuwa na kitu cha kunipitishia, hata siku ambazo hakukuwa na haja. Mwambie baba yako mdogo kuna upepo. Mwambie ale.

Bwana mifugo alipopita kuogesha ng'ombe, Masanja alimwomba aogeshe na mbwa wote. Hakueleza kwa nini. Bwana mifugo akasema vizuri sana, maana mbwa wanazurura huko porini wanapozurura fisi na simba, na wanayoyachuma huko wanatuletea mlangoni. Masanja alisikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo kila jioni anawashika mbwa mmoja mmoja na kuwapekua masikio.

Huyo simba wangu amekuja mara moja tu tangu nipone, wakati wa kuvuna ulezi. Nilikuwa nimelala kivulini baada ya kazi. Masikio yake yalikuwa safi. Hakukaa.

Sasa ni kipupwe, upepo unavuma kutwa na watu wanavaa makoti. Nimekuwa nikiandika haya kidogo kidogo, nimekaa ukutani panapopiga jua. Leo Masanja alikuwa karibu yangu, mbwa amelala mapajani mwake, anamtoa kupe na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Nyanzala hakuwepo, alikuwa na mama. Kwa hiyo hakukuwa na wa kumtuma.

"Unaandika nini kila siku?" aliniuliza. Aliuliza upande wa sikio zima.

"Habari ya ule ugonjwa. Kwa watu wengine."

"Nimo?"

"Umo. Jina si lako."

"Umeniita nani?"

"Masanja."

Alifikiri. "Masanja ni jina la yule jirani anayeogopa bata," alisema. "Haya. Soma."

Nilimsomea. Nilisoma polepole, na pale kwenye masikio ya simba aliacha kupekua mbwa. Pale nilipoandika kuhusu ukurasa wa daftari niliogopa, lakini nikasoma mpaka mwisho wa sentensi. Nililala juu ya ngozi ya simba siku sita.

"Saba," alisema.

Nilimtazama.

"Zilikuwa saba. Siku ya saba nilikuja nikakukuta unatetemeka, huongei vizuri. Siku ile askari wa wanyamapori walikuwa wamefika kijijini, wako kwa mwenyekiti. Nikasema nikikuhamisha watu wataingia humo ndani. Nikafunga mlango nikakuacha juu yake mpaka walipoondoka, jua linazama. Ndipo nikamwita mama." Alimpapasa mbwa sikio, lile alilokwisha kulisafisha. "Sijamwambia mtu."

Upepo ulipita kwenye mabua. Mbwa alipumua.

"Andika saba," kaka alisema.

Kule juu nimeacha sita, kama nilivyokuwa najua. Hapa naandika saba.